Uzoefu wangu na shotigani ya polisi ya Greener

Shotigani ninayoimiliki kwa leseni hapa Chake Chake niliirithi kwa ami yangu. Ni bunduki ya polisi iliyotengenezwa na W. W. Greener wa Birmingham, toleo la tatu, na wanaoiona kwa mara ya kwanza huidhani bunduki ya vita, kwani mbao zake zimeufunika mtutu mpaka karibu na mdomo. Hubeba risasi moja tu. Mtambo wake ni wa Martini: ukivuta chini wenzo ulio nyuma ya kifyatulio, ganda hutoka, na ukiurudisha juu bunduki imekwisha kukokiwa.

Waingereza waliikusudia kwa walinzi wa vijiji wa Misri baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na walitaka ikiibwa isimfae mwizi. Matoleo ya mwanzo yalitumia risasi namba 14 (namba ni kipimo cha unene: ikiwa kubwa zaidi, risasi ni nyembamba zaidi), ambayo ilikuwa adimu, lakini watu wakagundua kwamba namba 16 ikizongwa karatasi hukaa humo na kulia. Ndipo Greener akabuni risasi yenye umbo la chupa, pana kitakoni na nyembamba mbele, pamoja na pini ya meno matatu, na hapo ndipo ninapoivulia kofia kazi ya fundi huyu. Nimeiangalia pini hiyo kwa kioo cha kukuzia: meno mawili ya pembeni huugonga ukingo wa risasi ya kawaida, basi jino la kati haliifikii fataki, yaani kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti, ilhali risasi yake halisi imechongwa mfereji wa kuyapokea.

Niliipiga kwenye kiwanja cha shabaha, kwa ruhusa ya polisi na mbele ya askari, kwa risasi za zamani alizoziacha ami. Kifyatulio ni kigumu, lakini hakilegei, na marisau yalikusanyika vizuri kwenye karatasi. Begani inasukuma kwa nguvu.

Udhia wake mkubwa ni risasi, maana viwanda vimekwisha kuacha kuzitengeneza. Nimeshauriwa mara nyingi nimpe fundi aichonge ipokee namba 12, nami nimekataa katakata, kwa kuwa kufanya hivyo ni kukiharibu chumba cha risasi na kuiondoa pini ya meno matatu, sehemu zenye thamani kuliko zote. Anayetaka kununua bunduki ya aina hii aombe kwanza kuonyeshwa pini, na akikuta jino moja, asikubali kulipa bei ya bunduki kamili.