Uzoefu wangu: nililipia hesabu ya joto badala ya boila mpya

Nyumba yetu iko Leicester, ni ya matofali, ya enzi za Malkia Victoria, na ndiyo ya mwisho kwenye safu. Majirani wa katikati wanapashana joto kwa kuta. Sisi ubavu mzima unapigwa na upepo. Chumba cha watoto, kilicho juu kwenye kona, kilikuwa hakishiki joto hata boila, yaani mtambo wa gesi unaochemsha maji ya kupasha nyumba, iungurume kutwa. Sebuleni unatamani kuvua sweta, huko juu watoto wanalala na soksi.

Mafundi niliowaita mwanzo walisimama mbele ya boila, wakaikagua, wakaandika makadirio ya boila mpya ya kilowati 35. Hakuna aliyepanda ngazi kuangalia rejeta za vyumbani, yaani vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto na kupasha chumba. Hilo ndilo lililonifanya nisite, maana boila yenyewe haikuwa mbovu.

Huduma ninayoizungumzia hapa ni ya fundi mwenye kampuni ndogo, anayetoza pauni 350 kwa kuja kupima nyumba tu, kabla hajauza chochote. Ana kadi ya Gas Safe, rejista ya mafundi wa gesi wanaoruhusiwa Uingereza, na aliitoa mwenyewe kabla sijaiomba. Nyumbani hawakunielewa: pauni zote hizo kwa karatasi? Lakini karatasi yenyewe ndiyo iliyotuokoa.

Alipima kila chumba: kuta za nje, madirisha, dari, sakafu. Chumba cha watoto ni mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.5. Ukuta wa nje, ukitoa dirisha, ni kama mita za mraba 17. Ukuta wa tofali wa zamani usio na nafasi katikati hupoteza takriban wati 2.1 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Alihesabia nyuzi 21 ndani na -2 nje, yaani tofauti ya 23. Zidisha mwenyewe: ukuta peke yake unakula zaidi ya wati 800. Ongeza dirisha, dari, na hewa baridi inayopenya kila saa, unafika kama wati 1,250.

Sasa tazama rejeta iliyokuwepo: ya bati moja, kimo sentimita 60, urefu mita 1. Kwenye katalogi inaandikwa kama wati 1,000. Kumbe wati hizo za katalogi hupimwa maji yakiingia kwa nyuzi 75 na kutoka kwa 65, chumba kikiwa na 20. Ukishusha maji hadi 55, rejeta ileile inatoa karibu nusu tu. Kwa hiyo hata boila ya kilowati 100 isingekisaidia chumba kile, kwa sababu joto halikuwa na mlango mpana wa kutokea.

Na nyumba nzima? Jumla ilitoka kilowati 7 na ushee. Boila tuliyonayo ni ya kilowati 30, na ukubwa huo ni kwa ajili ya maji ya moto ya bafuni, ambayo yanachemshwa papo kwa papo. Ile ya 35 tungeinunua ya nini?

Kuhusu kushusha maji hadi nyuzi 55, hapa fundi alinieleza jambo ambalo naona wenzangu wengi hawaambiwi. Tangu 2005, boila mpya za gesi England na Wales ni karibu zote za aina inayovuna joto kutoka kwenye moshi wake. Ila uvunaji huo unaanza pale maji yanayorudi kwenye boila yanapokuwa chini ya nyuzi 55 hivi. Ukiiacha boila kwenye 75 au 80, kama ilivyokuwa yetu, joto lile linapaa nje na moshi, na wewe unalilipia. Tangu Juni 2022 kanuni za ujenzi za England zinataka mfumo mpya upangwe kwa maji yasiyozidi 55. Faida nyingine: siku ukihamia pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto kutoka nje badala ya kuchoma gesi, rejeta zako zitakuwa tayari.

Kazi yenyewe: walibadilisha rejeta nne tu, si zote. Ya watoto sasa ni ya mabati mawili yenye mikunjo katikati, urefu mita 1.6, chini ya dirisha. Ya zamani walipoifungua ilitoa tope jeusi tii, kutu ya miaka. Wakasafisha mabomba, wakafunga chujio lenye sumaku karibu na boila, wakatia dawa ya kuzuia kutu. (Rejeta ikiwa baridi juu, ni hewa, itoe kwa kile kiufunguo, ikiwa baridi chini, mara nyingi ni tope.)

Kilichonivutia zaidi ni kusawazisha. Maji hupita njia nyepesi, kwa hiyo rejeta zilizo karibu na boila zilikuwa zinajichotea na ya watoto inapata makombo. Fundi alifungua hadi mwisho vali zote zinazojirekebisha kwa joto la chumba, akabana vipimajoto kwenye bomba la kuingia na la kutoka la kila rejeta, akawa anakaza kidogo kidogo ile vali ya pili yenye kofia ya plastiki ambayo hakuna mtu huigusa. Ya sebuleni ilibaki wazi robo mzunguko tu. Kazi hiyo ilimchukua alasiri nzima, na naamini ndiyo mafundi wengi huiruka.

Matokeo: chumba cha watoto kinafika 20 na kukaa hapo. Bili ya gesi imepungua, ingawa sitajifanya najua ni kwa kiasi gani, maana bei zenyewe zinapanda na kushuka. Ila ujue joto linakuja polepole. Mfumo unafanya kazi saa nyingi kwa upole, huwezi kuwasha dakika 20 kabla ya kula. Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga alishika rejeta, akanigeukia: "Mwanangu, mbona hiki chuma hakijawaka?" Ni vuguvugu tu, na chumba kina joto.

Wenye tangi la maji ya moto msishushe joto kiholela. Maji ya tangini yanatakiwa yafike 60 kwa ajili ya bakteria. Muulizeni fundi kwanza.

Nampa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa sababu ya bafuni: alituachia kile chuma cha kuanikia taulo, kizuri kwa macho lakini hakitoshi chumba, na karatasi yake mwenyewe ilikuwa inasema hivyo. Ameahidi kuja kuongeza rejeta ndogo nyuma ya mlango. Ukimwita, mwambie aje na shuka za kutandika, kwa sababu lile tope likidondoka kwenye zulia halitoki.