Kitabu nilichompelekea Baba, mzee wa Afro-Shirazi

Baba ni ASP, chama cha Afro-Shirazi kilichotawala Zanzibar baada ya Mapinduzi, tangu ujana wake na kadi bado anayo sandukuni. Mimi kura yangu huenda kwingine, anajua. Kwa hiyo kumchagulia kitabu cha historia ya Zanzibar ni kazi. Cha kwanza nilichompelekea kiliwahukumu wanamapinduzi tangu dibaji. Alikifunga chai haijapoa, na sasa kinainulia redio.

Safari hii nilichukua Race, Revolution, and the Struggle for Human Rights in Zanzibar cha G. Thomas Burgess, cha mwaka 2009. Ndani mna watu wawili wanaosimulia maisha yao: Ali Sultan Issa, mkomunisti wa chama cha Umma Party aliyepewa uwaziri baada ya Mapinduzi ya 1964, na Maalim Seif Sharif Hamad, aliyefukuzwa CCM mwaka 1988 akaja kuiongoza CUF, chama cha upinzani. Wote wa Pemba, wote waliwahi kushika wizara ya elimu, na wote wakafungwa na serikali waliyoitumikia.

Utamu wake ni kwamba Baba kapata wa kubishana nao, mimi nikapumzika. Tulipofika uchaguzi wa Julai 1963 alifoka kama kawaida, "Kura zaidi ya nusu tulipata sisi, viti wakatupa 13 kati ya 31!" ila safari hii alikuwa anakiambia kitabu. Na pale Maalim anapoeleza alivyobakishwa kufundisha, asipate chuo kikuu hadi 1972, mzee alinyamaza kitambo. Miaka hiyo naye alikuwa na chaki mkononi.

Kasoro zipo. Ni Kiingereza, na utangulizi ni wa kisomi mno. Mrukishe mzee wako, aanze na Ali Sultan, ambaye hana haya ya kusimulia ujana wake. Bei nayo si ya mchezo: nakala iliyokwishatumika nimeitolea shilingi 85,000.

Msiniombe kuazima. Baba kakisahihisha chote kwa bairo nyekundu, kama daftari la darasa la saba. Ali Sultan kapata vyema vingi na "Majivuno!" mbili. Maalim Seif kaandikiwa "Thibitisha" karibu kila ukurasa, isipokuwa ule wa ualimu. Pale pana kijivyema kimoja, kidogo, pembeni kabisa.