Mashine ya CPAP safi, duka lililoniuzia hapana (uzoefu wangu)

Ningenyamaza kama shida ingekuwa mashine peke yake, hii ya kukusukumia hewa kupitia barakoa ukiwa usingizini ili pumzi isikatike. Vitu vya umeme husumbua, unarudisha, unabadilishiwa, maisha yanaendelea. Kilichonifanya niandike ni kijana wa pale dukani. Rika la kitinda mimba wangu, hata shikamoo hakunipa, macho yako kwenye simu, ananiambia mbele ya wateja wengine: "Mzee, mashine ni nzima. Wewe unaiogopa tu." Na hajaiwasha! Iko mezani imefungwa kwenye begi lake, yeye ameshaipima kwa macho.

Duka silitaji. Ni la vifaa tiba, hapa hapa Dar, wenyewe wanajijua.

Kukoroma kwangu ni kwa miaka mingi na nyumba nzima imeshazoea. Kilichomtisha mke wangu ni ukimya unaokuja katikati. Anasema pumzi inakata kabisa, kifua kinapanda na kushuka lakini hewa haiingii, kisha nashtuka kwa kishindo. Hospitali wakanipima usiku mzima na manyaya yao, majibu yakatoka: njia ya hewa inaziba zaidi ya mara 40 kwa saa. Kumbe kuanzia 30 tu unaitwa mgonjwa wa hali kali. Daktari akaniandikia mashine ya aina inayojirekebisha yenyewe, na akaandika wazi kuwa msukumo wa hewa, kwa namba za mashine, usishuke chini ya 9 wala usizidi 14. Karatasi hiyo wao wenyewe pale dukani waliibana pini pamoja na risiti yangu. Ishikeni hiyo karatasi, tutairudia.

Nikalipa. Bei sitaji, mke wangu bado haijui yote.

Aliyekuja kunifungia alinivalisha barakoa ya pua nikiwa nimekaa kwenye kochi, mashine haijawashwa, akasema "iko poa mzee", akaondoka na bodaboda ile ile iliyomleta, ilikuwa bado inamsubiri nje.

Basi usiku ukawa adhabu. Nikiivaa naona hewa haitoshi, navuta haiji, jasho linanitoka. Nikishapitiwa na usingizi, hewa inaanza kuvuja pembeni ya pua na kunipiga machoni, inapiga mluzi, mke anaamka. Asubuhi mdomo umekauka mpaka ulimi unanata, kichwa kinauma. Mchana nasinzia vile vile kama zamani, tofauti ni kwamba sasa nina alama za mikanda mashavuni na watu wa ofisini wanauliza nimepigwa na nani. Usiku mwingine maji yakajaa kwenye bomba, yakaanza kuguguma, mengine yakanitonea puani.

Ndipo nikaenda kuambiwa naogopa. Ushauri wao mwingine ulikuwa kaza mikanda, na kwenye tangi dogo la mashine, lile la kutia hewa unyevu, niweke maji ya betri. Maji ya betri, jamani, kwenye kitu ninachovuta kifuani usiku kucha! Hiyo ya betri sikuifuata. Mikanda nilikaza, ikavuja zaidi.

Aliyeniokoa ni dada mmoja muuguzi wa kliniki. Jambo la kwanza alilouliza ni kama mashine ina kadi ya kumbukumbu. Inayo, imejificha ubavuni, hakuna aliyewahi kuniambia. Akaichomeka kwenye kompyuta na usiku wangu wote ukatokea pale kwa michoro: pumzi ilikatika saa ngapi, hewa ilivuja kiasi gani, mashine ilisukuma vipi. Na mipangilio ya msukumo? 4 hadi 20. Namba za kiwandani. Hakuna mkono wa mtu uliogusa kitu. Karatasi ya daktari ilibanwa pini kama pambo.

Akanieleza taratibu, "baba, sikiliza". Kuanzia 4 kwa mtu mzima anayehitaji 9 ndiyo maana nahisi nakabwa, hewa ni kidogo kweli, si woga. Mashine inasubiri nizibe ndipo ianze kupanda, na inapofika panapotakiwa nimeshakatika pumzi mara kadhaa. Halafu ikipanda, barakoa ambayo haikunikaa inavuja, na mashine inayovuja sana haisomi pumzi vizuri, kwa hiyo hata ile namba inayoonyesha kwenye kioo asubuhi, ya pumzi imekatika mara ngapi kwa saa, si ya kuamini. Ya kwangu ilikuwa inacheza kwenye 19 wakati wanataka iwe chini ya 5.

Akanilaza kitandani, akawasha mashine, ndipo akapima barakoa. Nikilala chali shavu linalegea na mdomo unafunguka, hewa inaingia puani na kutokea mdomoni. Ukavu wote wa asubuhi ni huo. Akasema ninahitaji ya kufunika pua na mdomo, saizi ya kati, na mikanda ilegezwe, kwa sababu ule mpira laini wa barakoa unaogusa uso lazima ujae hewa ndipo uzibe. Ukiibana inakunjamana. Yaani ushauri wa dukani ulikuwa kinyume kabisa! Maji ya kwenye bomba nayo hayakuwa ajabu: kiyoyozi changu kilikuwa kinapuliza baridi sana, bomba linapoa, mvuke unageuka maji. Punguza baridi, punguza mvuke, weka mashine chini kuliko kitanda. Na kwenye tangi maji yasiyo na chumvichumvi, yaliyokenekwa, si ya betri.

Haya si mambo mapya ya jana. Daktari Colin Sullivan wa Australia na wenzake walichapisha tiba hii mwaka 1981. Miaka zaidi ya 40 dunia inajua barakoa isiyokaa vizuri inaharibu kila kitu, habari haijafika dukani tu.

Nikarudi kubadilisha barakoa. "Imeshatumika." Ndiyo imetumika, mlinivalisha ninyi! Akaitwa bosi. Naye bila aibu: "Hiyo karatasi ya daktari hukutuletea." Nikatoa risiti yao, muhuri wao, pini yao, karatasi iko nyuma yake. Akaisoma pole pole, akampa kijana, kijana akaisoma, akarudi kwenye simu yake. Pole sikupewa. Nilipewa punguzo dogo kwenye barakoa mpya, na nililipa, kwa sababu usiku unakuja na mimi nataka kupumua.

Sasa niseme kweli. Tangu muuguzi arekebishe na nivae barakoa mpya, nalala. Sijui niwaambieje. Nimeamka asubuhi nikadhani saa imeharibika, maana sikumbuki kuamka hata kwenda haja. Namba iko chini ya 5 siku nyingi. Umeme ukikatika naamka papo hapo, hewa inaisha, hiyo ni kero na betri ya akiba ni ghali, lakini mashine yenyewe naipenda. Kwa hiyo mashine nyota tano, na duka nilitaka kulipatia nyota mbili, kwa sababu yule mama wa kaunta alinitafutia saizi ya kati stoo mwenyewe na kuniomba nikae kwanza nipumzike.

Ila nimekumbuka tena "unaiogopa tu" na nimeshusha. Moja. Na hiyo moja ni ya yule mama.

Kinachonikera zaidi ni jamaa yangu wa Mbagala. Alinunua pale pale, akaambiwa maneno yale yale, naye akayaamini. Mashine yake ilikuwa juu ya kabati inakula vumbi, anajiita mwoga yeye mwenyewe. Nikamlazimisha aivae tena siku chache halafu tupeleke kadi. Yake haikuwa kama yangu hata kidogo. Barakoa haivuji, msukumo uko sawa, lakini pumzi bado zinakatika huku njia ya hewa iko wazi, ubongo ndio hautoi amri ya kuvuta. Kwa hali hiyo kuongeza msukumo hakusaidii na kunaweza hata kuzidisha, anahitaji daktari bingwa na pengine mashine ya aina nyingine. Amepewa rufaa. Hebu fikiria angeendelea kukaza mikanda.

Vichujio nanunua kwingine sasa. Mto wa barakoa, yaani ule mpira laini, kwa bahati mbaya, saizi yangu wanayo wao tu, kwa hiyo nitarudi. Nitamuulizia yule mama.