Kahawa tamu, jini sina neno naye, lakini yule muuzaji!

Kijiduka chenyewe kipo nyuma ya soko la Darajani, Unguja, kwenye kichochoro cha upande wa kuku. Jina silitaji, sitaki ugomvi, na nyinyi wa Mjini mshajua nakisema kipi: kile chenye jini. Ndani mna vigoda vitatu, seredani ya makaa, madele mawili ya kahawa na beseni la kuoshea vikombe. Wakiingia watu wanne, wa tano anywee mlangoni.

Nianze kwa haki. Kahawa yake sijaionja mfano wake. Chungu ya kweli. Tangawizi inakukamata koo, iliki inakuja nyuma yake taratibu, na kashata ya njugu unapewa bado ina uvuguvugu. Kwa hilo ningempa nyota zote tano. Nimempa moja.

Mama yangu ana goti. Akitoka kununua samaki mnadani lazima apumzike, na kahawa anaipenda kuliko chai. Sasa atakwenda kukaa wapi? Jaws Corner, ile baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, na buibui lake, katikati ya wanaume wanaobishana siasa? Kijiduka hiki ndiko anakoweza kunywa kahawa yake bila ya kukodolewa macho. Jumamosi moja, masika ilikuwa haijaanza, tulikuta vigoda viwili vina watu, cha pembeni kitupu. Mama akajikalia zake. Hata kikapu hajakiweka chini, kijana muuzaji akamkaripia:

"Bi mkubwa, inuka hapo! Pana mwenyewe."

Shikamoo hakumwamkia, samahani hakusema. Amri tu, kama anafukuza paka.

Kweli, mbele ya kigoda palikuwa na kikombe kimejaa, kahawa imepoa mpaka imefanya utando. Hicho cha "mwenyewe". Wanasema kila asubuhi anawekewa na asubuhi ya pili kikombe kinakutwa kikavu. Mimi ningesema panya, ila panya anayekunywa kahawa chungu bila sukari sijamwona bado. Hadithi yake mnaijua: hapa zamani palikuwa na mkono wa bahari, huku Mji Mkongwe, kule Ng'ambo, na daraja la kuvukia ndilo lililopapatia mahali jina. Soko likajengwa 1904, baadaye maji yakafukiwa, daraja likaondoka. Mwenye maji yake, wanasema, hakuhama.

Mama aliinuka palepale. Huyu ni mtu aliyelala uwanjani na majirani mwaka 1995, zama za Popobawa, yule pepo aliyesemwa anawavamia watu usiku majumbani, na mambo haya hayafanyii mzaha. Akanywa kahawa amesimama, mkono mmoja ukutani, mguu mmoja ameuinua kidogo kama korongo. Mimi nikanyamaza. Mila ni mila.

Robo saa haijesha, akaingia papasi, hawa vijana wanaotembeza watalii, na wazungu wawili. Kijana yuleyule, kwa mikono yake, akakinyakua kikombe cha jini, akakimwaga kwenye beseni, akakipangusa kigoda kwa kitambaa, akamkalisha mzungu! Picha zikapigwa. Noti ya elfu kumi nikaiona kwa macho yangu ikiingia mfukoni.

Nikamuuliza, "Mwenyewe kenda wapi?"

Akanijibu bila ya kunitazama, "Kenda kuswali."

Duka zima likacheka. Papasi akacheka. Mama, na goti lake, naye akacheka mpaka akashika ukuta kwa mikono miwili! Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kwelikweli. Jini gani huyo anayewaona wenye buibui tu? Anayeruhusu kukaliwa kwa elfu kumi? Njia nzima nilisema peke yangu: wezi hawa, wanauza mizimu ya wazee wetu kwa watalii, sirudi tena. Mama hakunijibu. Tulipofika nyumbani akasema tu, "Lakini umeona, yule mzungu alisahau kofia yake." Mpaka leo sijui alikusudia nini, na hataki kunambia.

Haya, nyota nafanya mbili, kwa kashata. Jibu lenyewe nalo, nikiliwaza sasa, lilikuwa zuri. Basi tatu. Lakini adabu hana.

Juzi mama kanituma na chupa ya chai, nikamjazie kahawa kwa "yule wa jini". Nilikuta pamepoa, hapana mtu, na kikombe kipo mahali pake. Kijana akanitambua, akacheka kidogo, akasema makaa yalikuwa hayajashika, nitasubiri.

"Kaa basi, dada," akanambia, akanionesha kigoda cha pembeni. Vile viwili vingine vilikuwa vitupu vilevile.

Nikamwambia naharakia. Nilisimama dakika ishirini.