Kujengea meno kwa kompositi Tabora: inafaa, ila mpangilio usirukwe

Kwa mkazi wa Tabora mwenye meno ya mbele yaliyolika ncha au yenye madoa ya kahawia, huduma tunayoipendekeza kuliko nyingine ni kujengewa kwa kompositi, ile resini yenye rangi ya jino inayogandishwa kwa mwanga wa bluu. Kaure inaishinda kwa mng'ao na kwa kudumu, hilo halina ubishi. Lakini kompositi hufanyika kwenye kiti cha daktari kwa siku moja, haidai jino zima lichongwe, na ikimeguka inaongezewa palepale bila kutuma kipimo mji mwingine. Ukiitunza hukaa miaka mitano hadi saba. Ile inayoanguka baada ya miezi michache kwa kawaida iliwekwa na mtu aliyeruka hatua, au iliwekwa juu ya tatizo ambalo hakuna aliyelitafuta.

Hatua ya kwanza ni kuondoa ugaga, yaani uchafu uliogandamana mgumu kwenye meno. Katika mkoa wa tumbaku kama huu, wavutaji na watumiaji wa ugoro huja na mstari mweusi kwenye kingo za fizi na nyuma ya meno ya chini, wakidhani jino lenyewe limeoza. Mara nyingi ni doa la juu tu, pamoja na chai ya rangi na kahawa. Mashine ya kusafishia hutetemesha ncha ya chuma huku ikimwaga maji, ugaga unabanduka vipande vipande, kisha meno husuguliwa kwa dawa laini ya kung'arishia. Kazi hii haifiki saa moja, na idara ya kinywa na meno ya hospitali ya mkoa inaiweza. Wapo wanaojitazama kwenye kioo baada ya hapo na kuona hawana haja ya kitu kingine. Fizi zikitoka damu wakati wa kusafishwa, kujengea kusubiri wiki moja au mbili mpaka zipone. Damu na mate ndivyo vinavyoua kompositi, maana resini haishiki sehemu yenye unyevu wa namna hiyo, na daktari anayekubali kujengea siku hiyohiyo juu ya fizi zinazovuja anakuuzia kazi ya muda mfupi.

Kabla ya kufika kwa daktari, wengi huwa wameshapitia dukani. Unga wa mkaa hatuupendekezi hata kidogo: unakwaruza enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, na enameli ikishalika haioti tena. Kinachobaki wazi ni dentini iliyo chini yake, ambayo kwa asili ni ya manjano, kwa hiyo mtu anasugua ili meno yawe meupe na yanazidi kuwa ya njano. Ndimu na baking soda ni mbaya zaidi. Enameli huanza kuyeyuka pale pH ya mdomoni, kipimo cha asidi ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi, inaposhuka kufikia karibu 5.5, na maji ya ndimu yako kwenye 2 na ushee. Dawa za meno za rangi ya zambarau haziharibu, ila zinadanganya jicho kwa saa chache tu, kwani zambarau hufunika njano mpaka itakaposuuzwa.

Madoa ya floraidi ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Tabora ni mji wa shule na wa njia panda ya reli. Watu waliokulia Arusha, Kilimanjaro, Singida au Shinyanga wamejaa, na wengi wao walikunywa maji ya visima vyenye floraidi nyingi utotoni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi wakati jino bado linajijenga ndani ya taya, enameli hutoka na vitundu vidogo vidogo. Meno ya mbele ya juu yako hatarini zaidi mtoto akiwa kati ya mwaka mmoja na mitatu, muda mrefu kabla hayajaonekana. Kuchemsha maji hakuiondoi floraidi. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki, inazidi kuwa kali. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo huweza kubeba floraidi.

Madaktari hupima ukali wake kwa kipimo cha watafiti Thylstrup na Fejerskov cha mwaka 1978, kinachoanzia 0 hadi 9. Mwambie daktari akutajie namba yako, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayochagua tiba. Kwenye 1 mpaka 3 kuna mistari na mabaka meupe, na mara nyingi kung'arisha kwa jeli ya kufanya meno meupe kunatosha, au kukwangua kidogo kwa asidi na unga wa kusugulia. Kwenye 4 uso mzima umekuwa mweupe usiong'aa, na kahawia huanza kuingia humo. Kuanzia 5 kuna vishimo na enameli inabanduka. Hapo jeli peke yake haisaidii, inabidi kujengea. Tatizo la jeli kwenye meno ya mabaka ni kwamba siku za mwanzo mabaka meupe huzidi kuwa meupe kabla meno mengine hayajayafikia, na mtu asiyeambiwa mapema huacha dawa katikati.

Jeli yenyewe, ile ya kuvaa usiku ndani ya sahani ya plastiki iliyotengenezwa kwa kipimo cha meno yako, iwe na kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10. Hiyo huachia haidrojeni peroksaidi kama asilimia 3.5 hivi, kiasi kinachovumilika. Wiki mbili zinatosha kwa madoa ya kawaida. Yale ya kijivu yanayotokana na antibiotiki ya tetrasaiklini iliyotumiwa utotoni hudai miezi kadhaa. Meno kupata baridi ya kuchoma ni kawaida: ruka usiku mmoja au miwili, tumia dawa ya meno ya kupunguza ganzi. Sahani za kununua zisizo na kipimo hatuziungi mkono, kwa kuwa jeli inavujia fizi na kuziunguza. Jambo la kushika ni hili: jeli haibadilishi rangi ya kompositi wala ya kofia, ile ya bandia inayovishwa jino zima. Kwa hiyo kung'arisha kunatangulia, kisha unasubiri wiki mbili ndipo ujengewe. Oksijeni iliyobaki ndani ya enameli inazuia resini kugandamana, na ukiharakisha siku tatu baadaye, kingo zitaachia.

Sasa kompositi yenyewe. Rangi ichaguliwe mwanzo kabisa, meno yakiwa na mate, karibu na dirisha, si chini ya taa ya kiti. Jino likikauka dakika chache huonekana jeupe kuliko lilivyo, na rangi iliyochaguliwa hapo itakuaibisha jioni. Kipimo cha rangi za meno kiitwacho VITA kina rangi 16, kutoka A1 hadi D4. Wateja wengi hukimbilia A1 au B1, zile nyeupe zaidi. Mtu ambaye meno yake ya pembeni ni A3 akiwekewa mawili ya B1 ataonekana amebandika, na tungemshauri ang'arishe yote kwanza au akubali A2.

Baada ya hapo jino litengwe na mate kwa mpira maalumu, au angalau kwa pamba na mrija wa kunyonya. Asidi ya fosfori ya asilimia 37 hupakwa kwenye enameli kwa sekunde 15 hadi 30, ikisuuzwa na kukaushwa uso ubaki mkavu na mweupe kama chokaa. Usipoona weupe huo asidi haikushika. Enameli ya floraidi ni sugu kwa asidi kwenye tabaka la juu, na daktari asiyelijua hilo hupaka kwa muda uleule wa kila siku. Anayejua hulikwaruza kidogo tabaka hilo kwa kinoo na kuongeza muda. Kisha gundi husuguliwa sekunde 20, ikapulizwa mpaka isitembee tena, ikapigwa mwanga.

Kompositi huwekwa tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi milimita 2 na kupigwa mwanga sekunde 20. Kwenye doa la kahawia, tabaka la kwanza liwe lile zito lisilopitisha mwanga, la sivyo doa litatokeza kama kivuli. Kati ya jino na jino kuwe na ukanda mwembamba wa plastiki. Usipokuwepo meno mawili yanaunganishwa kuwa moja na chakula hakitakuwa na pa kutokea. Itazame taa. Ncha yake ikiwa na resini kavu iliyoganda, au ikishikwa mbali na jino, juu patakuwa pagumu na ndani pabichi. Kazi ya namna hiyo hubadilika rangi mapema na kubanduka kipande. Betri iliyochoka ina matokeo hayohayo. Resini na gundi pia hazipendi joto, na Oktoba ya Tabora si ya kuviacha juu ya meza: zikae kwenye friji, tarehe ya mwisho ya matumizi isomeke.

Usiondoke kwenye kiti kabla ya vipimo viwili. Uma karatasi ya rangi, saga kushoto na kulia. Alama nzito ikiangukia ncha mpya, ipunguzwe. Halafu pitisha uzi wa meno kila upande. Uzi ukichanika au kunasa, kuna ukingo uliozidi, na hapo ugaga utajikusanya na fizi itavimba. Ulimi nao ni mkaguzi mzuri, ukihisi ukwaru mwambie aendelee kung'arisha kwa diski za laini zaidi.

Kwa meno yaliyolika, swali linalotangulia yote ni nini kimeyala. Kusaga meno usingizini huyakata bapa, na hapo kompositi bila plastiki ya kuvaa usiku haitadumu. Maembe mabichi kwa chumvi, ukwaju na soda za kila siku huyafanya yawe laini, ya mviringo na ya njano. Kusugua kwa nguvu kwa mswaki mgumu huchimba mfereji karibu na fizi. Kumenya miwa na kufungua chupa kwa meno humegua pembe. Iko na sababu ambayo wengi hawaifikirii: magego yalishang'olewa. Mtu asiye na magego hutafunia mbele, na meno ya mbele hayakuumbiwa mzigo huo. Anayeongeza urefu wa meno ya mbele kwa mtu huyo bila kumwekea kwanza meno bandia ya nyuma anajengea kitu kitakachovunjika. Vilevile meno yaliyolika miaka mingi husogea polepole kuyafuata yale ya mkabala wake, nafasi ya kujengea ikaisha. Kesi kama hiyo inahitaji mtaalamu wa ukarabati wa meno, na rufaa ya Muhimbili si aibu kwa daktari yeyote.

Vinia za kaure, yale maganda membamba yanayobandikwa mbele ya jino, tunazipa nafasi ndogo hapa. Zinadai kuchonga enameli milimita 0.3 hadi 0.7, hakuna kurudi nyuma, na kila kasoro inarudisha kazi maabara. Kijana wa miaka 20 mwenye meno mazima yenye madoa tu asichongwe. Akiona meno yamekatwa na kuwa vijiti, hizo si vinia tena, ni kofia.

Kwenye bei, uliza kwa jino moja na uliza kama kusafisha, picha na marekebisho ya mwaka wa kwanza vimo ndani yake. Bima nyingi hazilipi kinachoitwa urembo, ila jino lililomeguka au lililotoboka ni matibabu, likaandikwe hivyo kama ndivyo lilivyo. Hakikisha anayekutibu amesajiliwa. Daktari wa meno yuko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na mtu wa saluni anayebandika vinia za plastiki hana usajili wowote wa kinywa.

Siku mbili za kwanza baada ya kujengewa acha chai ya rangi, kahawa, sigara na vyakula vya binzari. Kipindi hicho kikipita bado kompositi itanyonya rangi kidogo kidogo, basi irudishwe kung'arishwa kila baada ya miezi sita hadi mwaka. Miwa ikatwe kwa kisu. Kipande kikimeguka, rudi ndani ya siku chache kabla ukingo haujaingiza uchafu, na usikigandishe mwenyewe kwa gundi ya dukani: inaunguza fizi, na daktari atalazimika kuikwangua pamoja na enameli kabla ya kuongezea resini mpya.