Kuchonga kitako: Giffin Grip au vipande vya udongo?

Bakuli la udongo likishakauka nusu, hugeuzwa kifudifudi juu ya sahani ya gurudumu la mfinyanzi ili kitako kichongwe. Kazi ni kulishika lisiruke gurudumu likizunguka: kwa kifaa cha kubana, au kwa vipande vya udongo.

Giffin Grip, kifaa kutoka Marekani, hufungwa juu ya sahani hiyo. Ukikizungusha kidogo, vishikio vyake vitatu husogea kwa pamoja, vikalibana bakuli na kuliweka katikati papo hapo. Kwa rundo la vikombe vya saizi moja, hakuna mjadala. Tena unaweza kutoa chombo, ukapima unene kwa vidole, ukakirudisha palepale. Kwa njia ya vipande vya udongo, kukitoa ni kuanza upya.

Ila kifaa hiki hudhani mdomo ni duara kamili. Uliopinda kidogo hubanwa hivyohivyo, na kitako kinazunguka kwa kuyumba. Udongo ukiwa bado laini, vishikio huacha alama, au huubonyeza mdomo kabisa. Bei nayo si ya mchezo.

Vipande vya udongo ni bure. Zungusha gurudumu polepole, sogeza kidole karibu na ukuta wa bakuli. Upande unaogusa, usukume kidogo kuelekea kati, hadi mguso uwe sawa pande zote. Kisha kandamiza vipande vitatu kwenye sahani, viguse ukingo bila kuusukuma. Mwanafunzi ningemwanzisha hapa: sikio na kidole hujifunza mengi ambayo kifaa kingemfichia.

Chupa yenye shingo nyembamba ni habari nyingine. Hiyo huchomekwa kichwa chini ndani ya silinda nene ya udongo.