Dewji na Mengi: mtaji wa nyumbani na mtaji wa mshahara
Mohammed Dewji, aliyezaliwa Singida mwaka 1975, alirejea kutoka chuo kikuu cha Georgetown, Marekani, akakuta kampuni ya biashara ambayo baba yake, Gulamabbas, alikuwa ameiendesha tangu miaka ya 1970. Serikali ilipobinafsisha viwanda vyake, kampuni hiyo ilikuwa na fedha, jina na wateja, hivyo iliweza kununua pale ambapo wengine waliishia kutamani tu. Bidii ya Mohammed haina shaka, kwani wapo warithi wengi waliotapanya mali ya wazazi, lakini bidii hiyo ilipata pa kushikia.

Reginald Mengi alitokea Machame, katika familia maskini, akasomea uhasibu Uingereza na kufanya kazi katika kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu. Katika miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika madukani, alianza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake, kabla ya viwanda na vyombo vya habari vya IPP, kundi la kampuni zake.

Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, ni gharama ya kukosea: mrithi akipata hasara katika biashara moja, nyingine humbeba, ilhali anayeanza kwa akiba ya mshahara huweza kupoteza hata karo ya watoto. Hata hivyo, Mengi naye hakuanza mikono mitupu, maana taaluma ya uhasibu ilimpa kipato na kuaminiwa, mambo ambayo muuza kalamu wa Kariakoo hana.